Watoto Ni Walewale

Mbele yangu kwenye treni walikaa mume na mke, mafundi cherehani wa kiwanda kimoja. Mke alikuwa amenuna. "Nimemuuliza meneja kwa nini unanizidi mshahara na tunashona kola zilezile. Eti wewe una watoto wa kulisha!"

"Si ni kweli?" mume akasema, maskini ya Mungu.

"Na mimi nimemzalia nani, jirani?"

Nikageukia dirishani, nicheke kwa adabu.

"Mama watoto, hela si zinaingia nyumba moja?"

"Sheria inasema kazi sawa, malipo sawa. Kesho twende wote kwa meneja, na wewe ndiye utakayesema."

"Mimi tena?"

"Kwani kichwa cha familia ni nani?"

Treni ikasimama. Mke akashuka. Mume alibaki mlangoni, akijifunza kwa kunong'ona: "Bwana meneja, watoto ni walewale..."