Enock Melkizedeki na Ndege wa Bondeni Unyambwa

Wazee wetu shikamooni, majirani na ndugu wote mliofika hapa Mwankoko poleni, familia inawasomea maisha ya kijana wetu kama yalivyokuwa, bila kuyatia sukari.

Enock Melkizedeki alizaliwa tarehe 9 Aprili 2002 hapa Mwankoko, mtoto wa tatu wa Mzee Melkizedeki na Mama Cecilia, akasoma shule ya msingi mwaka 2009 hadi 2015, ingawa kila uwele ulipoanza kukomaa darasani hakuonekana, alikuwa shambani akiamia ndege kwa kombeo na debe, na ndege kwake wakati huo walikuwa wezi tu, wote sura moja.

Sekondari alimaliza mwaka 2019, mwaka 2023 akatunukiwa stashahada ya wanyamapori, aka-apply kila mahali, na majibu yakawa yale yale, tuletee experience, utadhani experience inauzwa sokoni kwa sado. Ndipo akaanza kushinda Ziwa Singidani, akitaka awe guide wa watazama ndege, na mwanzoni aliboronga vibaya, kila kijindege cha kahawia alikiita kwelea, yule mwizi wa uwele, mpaka Mwalimu Hana, mtazama ndege wa pale ziwani aliyemwazima darubini, akamcheka akamwambia, "Mdogo wangu, unachagua rangi kama mnunuzi wa vitenge, tazama mdomo, tazama anakula nini, akiruka anarukaje, jina liache mwisho." Akajibanza nyuma ya jiwe asubuhi nzima, akajionea kwamba jike la kwelea msimu wa kuzaa mdomo wake hugeuka njano, akarudi nyumbani akitangaza kama aliyepata ajira. Vijana wa kijiweni wakamwita Bwana Ndege, "Oya, leo wamekulipa mayai?", naye akawajibu kwamba ndege angalau hawamuulizi ana connection ya nani.

Hakujaliwa ndoa wala mtoto, mwaka 2024 alimchumbia Eliza wa Unyambwa, posa ikapokelewa, harusi ikawa inasubiri kazi, na kazi sote tunajua inavyosubiriwa nchi hii.

Jumatatu tarehe 12 Mei 2025 jioni wapuliziaji walipiga sumu kwenye matete ya bondeni Unyambwa wanakolala kwelea, wakaondoka bila kuacha mlinzi, na asubuhi watu wakashuka na ndoo na viroba kuokota ndege waliokufa wawe kitoweo, kama tulivyozoea miaka yote, kunyonyoa, kubanika, kukausha. Enock akamfuata mmoja mmoja, "Shikamoo bibi, hao usiwapeleke nyumbani, wana sumu," bibi akamjibu, "Marahaba, wewe ulishiba huko chuoni, niachie mboga yangu." Maneno yaliposhindwa akaanza kuwakusanya ndege mwenyewe awafukie kabla watoto hawajatoka shule, mikono mitupu, shati limelowa umande wa matete yale yale, na katikati ya mizoga akakuta bundi na mnana wanaopumua bado, akawapakata kifuani awatazame vizuri, kosa la mtu anayejifunza, macho yote kwa ndege, hana habari na ngozi yake.

Mchana mate yakaanza kumtoka, akatapika, pumzi ikawa fupi, kituo cha kwanza dawa hakuna, hospitali akafikishwa hoi, akafariki Jumatano tarehe 14 Mei 2025 saa nne asubuhi.

Tangu juzi tunasikia minong'ono nyuma ya turubai kwamba aliitwa na bundi aliyemshika. Familia inasema, please, bundi naye alikuwa anakufa, hakuwa na nafasi ya kumwita mtu. Kilichomuua ni sumu, ile ile iliyomo kwenye viroba vyenu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, Sostenes wa bodaboda aliyembeba, Mwalimu Hana na wenzake wa ziwani, majirani mnaopika, na vijana wa kijiweni, mliomtania sana, leo mmemchimbia kaburi. Lakini wenye ndege walioanikwa juu ya uchaga tunawajua, tunapakana majiko, basi kabla hamjagusa chakula cha msiba nendeni mkawafukie, mikono mkiwa mmeifunga mifuko, kwa sababu Enock alikufa akiwaomba jambo hilo moja, na watoto wenu jioni watakuwa na njaa, watawashusha hao hao wawale.

Pumzika, Enock, kwa amani ambayo huku hatukukupa.