Kikapu cha Keziah Nakeno, Aliyesikia Ziwa Akiwa Kakuma

Kakuma, Jumamosi, 24 Novemba 1979

Bwana asifiwe, na ejok, salamu kwenu nyote. Wenye watoto wasogee upande wa ukuta wa kanisa, kuna kivuli. Maisha ya mama huyu hayasomwi kwa haraka, na jua la hapa halijui mgeni wala mwenyeji.

Anayewasomea ni Shadrack Ebei, mtoto wa dada yake. Kabla ya yote, familia ina neno moja. Mwezi wa saba mwaka huu, akiwa na afya yake, marehemu aliagiza kwamba siku ya kuzikwa kwake ugonjwa wake wa akili utajwe, wala usifichwe nyuma ya malaria. Wiki hii wapo wa nyumbani waliotaka agizo hilo lirukwe. Walisema udongo utafunika yote. Tumeketi, tumebishana hadi chai ikapoa, na mwishowe mume wake, mzee Lomunokol, akasema isomwe. Basi tunasoma. Na kikapu mnachokiona juu ya jeneza hakikusahauliwa hapo na wabebaji. Tutakifikia.

Keziah Nakeno alizaliwa Kataboi, karibu na ufuo wa ziwa. Karani wa vitambulisho alimwandikia tarehe 1 Januari 1936, siku ambayo serikali imewazalia Waturkana wengi ajabu. Mama yake alijua habari nyingine. Alisema Nakeno alikuja asubuhi ya upepo mkubwa, upepo ulioangusha vichanja vyote vya samaki, na wanawake walikuwa wakikimbiza samaki mchangani badala ya kumkimbilia mzazi. Mtoto akazaliwa huku mawimbi yakipiga kelele kuliko yeye. Tangu siku hiyo alilala na sauti ya maji na kuamka nayo, kama wengine wanavyoamka na sauti ya mbuzi.

Mwaka 1955 Lomunokol wa Kakuma alifika Kataboi akimtafuta punda wake aliyepotea. Punda alimpata siku ileile. Hata hivyo aliendelea kumtafuta kwa majuma kadhaa, kila mara karibu na boma la kina Nakeno, mpaka wazee wakachoka na kumuuliza anataka punda au anataka mtu. Mwezi Agosti ng'ombe dume wa harusi alichinjwa, na Nakeno akaondoka kwao akiwa na shanga za mama yake zilizopanda kutoka mabegani hadi kidevuni. Alituambia kwamba jioni ya kwanza hapa Kakuma alikaa akisikiliza, akasikiliza, na hakukuwa na kitu. Hakuwahi kujua kwamba dunia inaweza kunyamaza hivyo. Mungu aliwajalia watoto wanne.

Shule aliipata baada ya ndoa, na aliipata kwa sababu ya njaa. Mwaka 1961 mifugo ilipokwisha, familia ilitembea hadi Lodwar kupokea chakula, na hapo misheni ikafungua darasa la watu wazima kando ya mto Turkwel. Nakeno alijifunza kuandika kwa kidole mchangani. Upepo ulifuta jina lake kila alipolimaliza, naye alisema tu, "Si kitu, naandika tena." Alibatizwa Jumapili tarehe 22 Desemba 1963 akapewa jina Keziah. Mwaka uliofuata walirudi Kakuma wakiwa na mbuzi wachache, na yeye akaanza kazi aliyoifanya hadi mwisho, kusuka vikapu vya ukindu wa mkoma na kuvipeleka kwa lori kuuzwa soko la Lodwar. Mkono wake ulijulikana. Kikapu cha Nakeno kilisimama chenyewe hata kikiwa kitupu.

Sasa ugonjwa.

Machi 1971 alimzika kitinda mimba wake, Lokol, ambaye hakuwa ameanza kutembea. Muda si mrefu Nakeno akaanza kusikia ziwa. Hapa hapa Kakuma, ambako mto Tarach ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, na ziwa liko mbali hata watoto wetu hudhani ni hadithi, yeye alisikia mawimbi. Yalikuja mchana, jua likiwa utosini, chini ya ngozi aliyoilalia. Yalipanda ukuta wa kibanda, yakashuka, yakapanda tena. Baadaye alisema hayakumtisha hata kidogo. Yalikuwa matamu, na ndani yake mlikuwa na mtoto analia, kwa mbali, upande wa maji. Hofu yake ilikuwa moja tu, asije akakosa kumsikia vizuri. Shanga zake ziligongana kila alipogeuza shingo. Basi akazivua, uzi mmoja baada ya mwingine, akaenda akazifukia mtoni.

Hapo ndipo sote tulipokosea, na kosa lilikuwa la kwetu hasa. Mwanamke wa Kiturkana havui shanga zake mume akiwa hai. Huzivua akifiwa. Mama mkwe wake, bibi Akidor, alipoiona ile shingo tupu hakuona mgonjwa. Aliona laana inatembea.

"Huyu natoa shanga na bwana yake iko hapa nakula!" alilia mbele ya boma zima. "Huyu nataka kijana yangu kufa!"

Akaitwa emuron, mwaguzi, akatupa viatu vyake chini, akasoma jinsi vilivyoanguka, akataka mbuzi mweusi. Mbuzi aliliwa vizuri, lakini ziwa halikunyamaza. Sisi wa kanisa nasi hatukubaki nyuma. Tulikuja tukaomba kwa sauti kubwa, kana kwamba mgonjwa ni kiziwi, tukaenda zetu tukiwa tumeridhika. Mama Bilha, mke wa karani aliyetoka Machakos, ndiye peke yake aliyeleta uji. Naye, kwa wema wake, alimpa Lomunokol dawa ya watu wa ofisini: "Baba Nakal, wewe sema ni malaria imepanda kwa kichwa. Hata kwetu tunasema hivyo. Watu watanyamaza."

Basi ikawa malaria. Lomunokol alizungushia kibanda ua wa miiba, akawaambia wageni kwamba mkewe amekwenda kwao Kataboi. Mkatili hakuwa. Alikuwa na binti. Nakal, mzaliwa wao wa kwanza, alikuwa anakaribia umri wa kuposwa, na baba yake aliona jambo moja tu mchana kutwa. "Nani naleta ng'ombe kwa mtoto ya mama ya wazimu?" alimwambia mama yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tuliyaficha, tena tukasaidiana kuyaficha, na mama huyu alikaa nyuma ya miiba hadi mvua ikaja na kupita. Mto ulishuka ukazichukua shanga zake zote. Tunaona uchungu kuyasoma haya mbele yake.

Aliyeivunja miiba ni yeye mwenyewe, kwa maneno. Asubuhi moja ya Februari 1972 alimwita mumewe, akasema akiwa ndani, "Lomunokol. Hii maji mimi nasikia, iko ndani ya kichwa. Mimi najua. Mtoto yetu alikufa, hapana lia tena. Peleka mimi hospitali Lodwar."

"Watu watasema."

"Wanasema sasa."

Mzee alichukua panga, akakata njia. Lakini aibu haikatwi kwa panga. Lori la mahindi lilipopita alimpandisha mkewe nyuma, akamzungushia vikapu vyote vilivyokuwa nyumbani, na utingo alipouliza akamjibu, "Mama naenda kuuza kikapu." Nakeno alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu amzike mtoto, na mzee Lomunokol anasema alishtuka karibu aanguke.

Hospitalini Lodwar, mlango wa wagonjwa wa akili ulikuwa nyuma ya wadi, na waliokaa kwenye benchi lake walifunika nyuso kwa shuka. Ndani alikuwamo tabibu Barasa, mtu wa Bungoma, mnene, mpole, aliyelowa jasho muda wote. Alimuuliza anasikia nini. Akasema anasikia ziwa. Barasa hakucheka, wala hakuandika haraka haraka.

"Linasema nini?"

"Hapana sema. Naita tu."

"Nyanya yangu alikuwa anasikia ng'ombe," Barasa akasema.

"Ng'ombe gani?"

"Wale walikufa. Alikuwa anaamka kuwafungulia zizi. Mama, huu ni ugonjwa. Unaitwa ugonjwa wa akili, na dawa iko. Utakauka mdomo, mikono itatetemeka kidogo, usiogope."

Alibaki Lodwar hadi Juni. Dawa ilimlaza, ikamtetemesha, akamwaga chai nyingi. Ziwa halikuondoka kwa siku moja. Lilirudi nyuma kidogo kidogo, kama linavyofanya miaka ya ukame, mpaka ikabaki sauti ndogo upeoni ambayo aliweza kuiambia, "Ngoja, sasa napika." Aliporudi hapa, bibi Akidor alikuwa wa kwanza kutoka nje. Aliitazama ile shingo tupu. Halafu akajivua uzi mmoja wa shanga zake mwenyewe, akamfunga mkaza mwanawe. Uzi huo uko naye ndani ya jeneza.

Tulidhani sasa atanyamaza kama watu wenye adabu. Wapi! Alikunywa dawa zake mlangoni, chai mkononi, kila mtu akipita. Ukimuuliza anameza nini, anakuambia. Mwanzo watu waliwavuta watoto wao kando. Baadaye walianza kuja mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na jamaa. "Niko na jamaa yangu mahali, hapana lala." "Jamaa yangu anaongea na ukuta." Mwaka ule Kakuma ilijaa watu wenye jamaa. Nakeno hakumuumbua hata mmoja. Alikumbuka jinsi yeye alivyosafiri, akachukua kikapu, akasema, "Peleka jamaa yako hii. Mtu akiuliza, anaenda kuuza." Na mara nyingi alipanda lori naye, akakaa naye kwenye lile benchi. Majina hatuyajui, hata mumewe hakuambiwa. Tunajua tu kwamba soko la Lodwar lilishangaa kuona mpaka watu wa ofisi wakiuza vikapu, tena hawajui bei.

Mwaka 1977 wakwe walikuja kutoka Kerio kumposa Nakal. Lomunokol aliomba mkewe akae jikoni. Nakeno alikaa jikoni hadi ngozi zilipotandikwa, kisha akatoka akasimama mbele ya wazee. "Kabla ya ng'ombe, jua hii. Mimi niliugua akili. Nakunywa dawa mpaka leo." Lomunokol aliinamisha kichwa, maana jambo aliloliogopa miaka yote lilikuwa limesimama pale na kuongea. Ndipo mzee mmoja wa Kerio, aliyekuwa kama amesinzia, akainua macho akauliza, "Hii dawa, iko Lodwar upande gani?" Ng'ombe walikuja. Nakal yuko hapa leo na mume wake.

Mwaka jana zamu ilimfikia Lomunokol mwenyewe. Mifugo yake yote ilichukuliwa na wavamizi upande wa Lokichoggio, naye akageukia ukuta. Hakula, hakuzungumza, hakukalia kile kiti chake kidogo cha mbao, ambacho usiku hukilazia kichwa. Watu walisema ni uzee. Nakeno alimsukia kikapu. "Mwanaume nabeba fimbo na kiti," mzee akajibu. "Hapana beba kikapu." Nakeno akakisukia mfuniko. Siku moja mzee alikichukua, akakifunika na shuka pia, akapanda lori. Tangu hapo kikapu hicho kimekwenda Lodwar kila mwezi kuuzwa na kila mwezi kimerudi, hadi mshikio wake umelika, na mke wake alimtania kwamba ni mfanyabiashara mbaya kuliko wote wa Turkana. Ndicho hicho kilicho juu ya jeneza.

Oktoba mto ulishuka, ukaacha vidimbwi, na vidimbwi vikaleta mbu. Marehemu alipata homa kali. Waliompima Lodwar walimwambia ni malaria, naye akacheka kwa shida: "Leo ndiyo malaria yenyewe imekuja." Nakal alikaa naye. Siku ya mwisho alisema anasikia maji, lakini hakuna mtoto analia. Alimgeukia mumewe akasema, "Hiyo kikapu imechoka. Wacha ilale." Alifariki Jumatatu tarehe 19 Novemba 1979, saa nne asubuhi, dirisha likiwa wazi. Tunamlilia. Alitufundisha kutoona haya, na sisi wanafunzi wake bado tunaona haya kidogo.

Ameacha mama mkwe, bibi Akidor. Binti, Nakal, na mumewe. Wana wawili, Ekai na Ewoi. Wajukuu, na jamaa wengi ambao wenyewe wanajijua. Ameacha mume, mzee Lomunokol, ambaye ametaka yaandikwe hapa maneno haya, kwa jina lake: kwamba kikapu kinashuka leo kaburini pamoja na aliyekisuka, na kwamba Jumatatu atapanda lori kwenda Lodwar kuchukua dawa zake, mikono mitupu. Na akiuliza mtu, atamwambia.

Mungu amlaze Nakeno mahali penye amani, karibu na maji.