Historia ya Leocadia Ayvar, Msomaji wa Salamu wa Sallapata

Ndugu zetu wa Sallapata, na ninyi mlioteremka kutoka Pucaccasa kwa miguu tangu alfajiri, ukoo umenituma mimi, Nicolasa, niwasomee maisha ya shangazi yangu, nami nimeandika yale aliyotaka yasemwe, pamoja na machache ambayo hakuyataka.

Marehemu Leocadia Ayvar Huarcaya alizaliwa Pucaccasa tarehe 9 Desemba 1951, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa mzee Toribio, aliyefuga alpaka kwa ajili ya sufu, na mama Eduviges. Shule alianza mwaka 1961, akitembea saa tatu kwenda na tatu kurudi, na kwa kuwa mwalimu alimchapa kila neno la Kikechua, lugha ya nyumbani, lilipomtoka, alijifunza Kihispania haraka kuliko wenzake, akamaliza darasa la tano mwaka 1966.

Mwaka 1970 aliajiriwa kupika katika parokia ya hapa, na redio ya parokia ilipofunguliwa mwaka 1974, msomaji wa salamu akawa mlevi wa kupindukia, padri akamwita shangazi kutoka jikoni, mikono ikiwa bado na unga, akamkalisha mbele ya kipaza sauti. Tangu siku hiyo, saa kumi na moja alfajiri, milima yote hii ilimsikiliza, kwa maana njia zilikuwa mbaya na simu hazikuwapo: mama fulani wa Tastapampa, mwanao anafika Jumamosi na lori la Melquíades, mpelekee punda njia panda. Huyo Melquíades, mwenye lori, alikuwa kaka yake wa kumfuata, na ndiye baba yangu.

Tarehe 14 Februari 1976 alifunga ndoa na Abdón Cisneros, fundi mitambo wa redio, wakajaliwa watoto wawili, Rufina na Isaías.

Sasa nafika mwaka 1984, na naomba mnivumilie. Waasi walikuwa milimani, wanajeshi wako kambini, na malori yalisafiri Jumamosi tu, siku ya kusindikizwa. Jumatano tarehe 15 Agosti, mtu mmoja mwenye shati safi alileta karatasi iliyosema kwamba gulio la Qochapata limehamishiwa Ijumaa, na wanajeshi watasindikiza siku hiyo.

“Mbona kaka yangu hajaniambia?” shangazi alimuuliza.

“Kaka yako atasikia redioni kama wengine, dada. Soma, watu wasije wakaachwa.”

Alisoma mara mbili. Ijumaa baba alikuta uwanja umejaa abiria na mizigo, wasindikizaji hawapo, akaambiwa wametangulia mbele, naye akacheka, akasema, “Redio imeshanipangia safari, nibishe mimi nani?” Darajani walikuta mawe yamepangwa barabarani. Waasi walikuwa na orodha ya waliojiunga na sungusungu, lakini hawakuisoma hadi mwisho, wakaua watu kumi na tisa kwa mapanga na mawe, wanawake sita wakiwamo, na baba yangu wakamfungia ndani ya lori, wakalitia moto.

Kila mtu aliamini kwamba shangazi alilazimishwa kwa bunduki, na angeweza kunyamaza. Siku ya mazishi, Jumapili, alisimama mbele ya majeneza, akasema, “Hakunishikia bunduki mtu. Nilisoma kwa sababu ilikuwa imeandikwa vizuri.”

“Wifi!” mama yangu alipiga yowe. “Ulimi wako umemla kaka yako!” Akamtupia jiwe, likampasua shavu na kumng'oa meno mawili, na jiwe hilo ni mimi, nikiwa na miaka saba, niliyemwokotea mama. Shangazi hakujifuta damu, wala hakuondoka mpaka kaburi la mwisho lilipofukiwa.

Maneno yale yalifika kambini. Jumatatu wanajeshi walivunja mlango wa redio, wakamwita mdomo wa waasi, wakamponda mkono wa kulia kwa kitako cha bunduki, kidole kimoja kimoja, kisha wakamchukua mumewe Abdón, ambaye hadi leo hatujapewa hata mfupa wake.

Alikimbilia Lima na wanawe, akauza supu kituo cha mabasi, na mama yangu alipofariki mwaka 1986, alikuja kunichukua. Nilikaa kwake miaka mitatu bila kumpa salamu. Siku niliyofungua kinywa, nilimuuliza, “Kwa nini ulisema, shangazi? Hakuna aliyekuuliza.”

“Mama yako alikuwa anatafuta wa kumlaumu, mwanangu. Nikaona afadhali anipate.”

Nikamwambia kuhusu jiwe. Akasema, “Nilikuona. Kula, supu inapoa.”

Mwaka 1998 alirudi Sallapata, akasoma tena salamu miaka kumi na tisa, na hakusoma karatasi ambayo mwenyewe hajaifuatilia mpaka kwa aliyeituma, hata kwa kutembea siku nzima. Vijana wenye simu walimtania, “Bibi, habari yako imeshazeeka njiani!” Naye akawajibu, “Izeeke, lakini ifike hai.”

Novemba 2017 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo, akatibiwa hospitali ya mkoa, akapata nafuu, kisha hali ikabadilika, na Jumanne tarehe 7 Mei 2019, saa nne asubuhi, akafariki mikononi mwa Rufina. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na mimi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa redio, na majirani waliomenya viazi tangu juzi. Tunawashukuru jamaa za wale kumi na tisa, mliomsamehe. Na ninyi ambao hamkumsamehe, na mmekuja, tunawashukuru zaidi, kaeni, chakula kipo cha wote.

Shangazi, lala kwa amani.