Jaji Aliyepandishwa Cheo

Jeptoo alipanda treni kituo cha Richardson, huko Marekani, akiwa bado na sare ya uuguzi, akifoka kwenye simu. Alipoikata, Mrundi aliyeketi mkabala naye akamsalimu kwa Kiswahili, na hapo ndipo alipojiponza.

“Kaka, hebu sikia haya! Ndugu yangu alifukuzwa kazi kwa kukataa zamu ya Jumapili, saa ya kanisa. Akashtaki, jaji akaitupa kesi. Tukakata rufaa, na leo jaji yuleyule amepandishwa cheo, kapelekwa mahakama hiyohiyo ya rufaa!”

“Lakini dada, hawezi kusikiliza kesi aliyoiamua mwenyewe,” akasema yule Mrundi, Nicodème.

“Si atakunywa kahawa na watakaoisikiliza? Mimi nina-renew leseni kila miaka miwili ndipo niguse mgonjwa. Yeye akishakalia kile kiti, ni mpaka kufa!”

Abiria wa nyuma akahama kiti.

“Afadhali hivyo,” Nicodème akasema taratibu. “Kwetu, jaji alimwachia huru baba yangu asubuhi. Jioni jaji akafutwa kazi, na aliyeletwa akamrudisha baba gerezani.”

Treni ikapunguza mwendo. Jeptoo akasimama, akatundika mkoba begani.

“Pole sana kwa baba,” akasema, na ilimtoka moyoni. “Lakini huyo aliyemrudisha gerezani, angekuwa jaji wa hapa, nani angemwondoa kitini?”

Nicodème alifungua mdomo kumjibu, lakini Jeptoo alikuwa ameshashuka na mlango umefungwa.