Jina la Aliyelala Ruziba

Andika kwanza waliopo, Herménégilde. Binti yangu Scholastique Nahimana, aliyeketi karibu na mlango. Elvire Irakoze, mama wa wajukuu wangu wawili, watoto wa Hyacinthe, ambaye hajaolewa kwa sheria, na sababu ni mimi. Wewe mwenyewe, Herménégilde Sinzinkayo, jirani yangu hapa Gihosha, ambaye tuligombana miaka tisa juu ya mpaka wa ua, na leo nakuomba mkono wako kwa kuwa wangu haushiki tena kalamu. Na mwanangu Hyacinthe Bizimana, ambaye kwa karatasi za serikali alikufa Somalia mwaka elfu mbili na kumi na nne, naye huyu hapa ameshika kikombe changu cha maji.

Sikilizeni, wanangu. Mimi, Libère Barampama, nilifundishwa na mabruda wa misheni kwamba jina la mtu haliguswi, na kwa miaka thelathini na moja niliandika majina ya waliozaliwa na waliokufa katika ofisi ya komini. Nilimrudisha mama mmoja hadi Bubanza, mtoto mgongoni, kwa herufi moja tu iliyopotea. Lakini mganga hajigangi. Nyumbani mwangu nilifanya nililowakataza wengine.

Audace, mdogo wenu, alitaka jeshi tangu utotoni, ila mtihani wa darasa la kumi ulimshinda, na jeshi lilitaka cheti. Hyacinthe alikuwa nacho. Mlikaa humu humu mkicheka, Audace akamwambia kaka yake, "Usiogope, mukubwa, nikifanya mubaya ni we watafunga." Nami nilicheka, kisha nikatia cheti na karatasi ya kuzaliwa ya Hyacinthe katika bahasha kwa mikono yangu, Audace akaenda nayo jeshini. Hyacinthe alitoa, aliyeruhusu ni mimi. Liandike hivyo, Herménégilde, usililainishe.

Alikuwa askari mwema, fundi wa redio za kikosi chake. Kila Jumapili baada ya misa alipiga simu kutoka Somalia, na kabla ya kukata alisema, "Papa, huku wote wananiita Hyacinthe. Niite jina yangu, mara moja tu." Nikamwita. Jumapili ya mwisho nilisikia wenzake wakiongea karibu naye, nikaogopa wasije wakatusikia, nikasema, "Kwaheri, Hyacinthe." Akajibu, "Ndiyo, Papa." Jumatano gari lao lilikanyaga bomu.

Sanduku lililetwa limefungwa, tukalizika makaburini Ruziba, na msalaba ukaandikwa jina la huyu aliye hai, naye amesimama mbele yake akitupa udongo. Majirani walijua, wakanyamaza mbele ya wanajeshi. Hata wewe, Herménégilde, uliyekuwa hunisalimii, hukunisaliti.

Mara tatu Scholastique alinunua mtama wa pombe ya kuganduka, ili tuondoe matanga, na mara tatu nikaahirisha, maana siku hiyo mkuu wa nyumba husimama mbele ya watu akamtaja marehemu, nami la uongo sikuweza kulisema, la kweli sikuthubutu. Scholastique akanikemea, "Papa, mufu hangojei barua ya ofisi." Basi kwa miaka kumi na moja nyumba hii imekaa matangani, na katika nyumba yenye matanga hapafungwi ndoa.

Barua hii ipelekeni mahakamani ningali napumua, ili anayetaka kumhukumu mtu anikute mimi, na Hyacinthe ahesabiwe tena kati ya walio hai. Sikuweza kumrithisha mtu aliyekwisha kuzikwa. Sasa nyumba ni yake na Scholastique, sawa kwa sawa, na shamba la Gasenyi lisiuzwe. Msalaba ubadilishwe. Elvire, mwanangu, uolewe mchana kweupe. Herménégilde akae mbele siku hiyo, na ule ua aujenge anapotaka. Mungu awazeeshe, kila mmoja kwa jina lake mwenyewe, na atakayewauliza ninyi ni nani, mjibu bila kushusha sauti.

Maji, Hyacinthe. Kidogo tu... Inatosha.

Siku ya kuganduka sitakuwapo. Neno la mkuu wa nyumba nitalisema leo, na ninyi ndio watu. Niinueni, halisemwi mtu akiwa amelala. Shika mgongo. Hivyo.

Audace Niyungeko, mtoto wangu wa mwisho, amekufa.