Pete ya Mjukuu

Basi la Abeokuta lilirukaruka kwenye mashimo ambayo wakubwa wa serikali huyaziba kwa mdomo. Mbele yangu bibi mmoja alipakata kopo la mafuta ya shea. "Naenda kumkanda mjukuu wangu wa kwanza," akamwambia mama kijana aliyekaa naye. "Katahiriwa juzi, kavalishwa kijipete cha plastiki pale palipokatwa. Mkwe wangu ananikataza kumgusa!"

"Yuko sawa, Mama. Wangu alivalishwa hichohicho. Damu kidogo tu, na kinadondoka chenyewe."

"Si nikipaka mafuta kitadondoka upesi?"

"Thubutu! Kitateleza kimbane, avimbe, ashindwe kukojoa."

"Nyie wote tuliwakanda. Nani kafa?"

"Waliokufa hawapandi basi, Mama."

Abiria wakacheka. Bibi hakucheka. "Na miguu tu, mwanangu? Niikande miguu tu, nisikie uzito wake?"

Mama kijana akainama kuchukua mfuko wake. Nilitaka kumjibu mimi: kanda, Mama. Mke wangu Ebun alizikwa kabla hajampakata mjukuu hata mmoja, maana hospitali ya wakubwa haohao haikuwa na damu ya kumwongezea. Lakini basi lilikuwa limeshasimama kituo cha Kuto, na watu walikuwa wanashuka.