Majina Matatu, Tumbo Moja

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na sisi tusiozoea kusimama hapa mbele.

Mnanijua, mimi ni yule mama wa kabichi kutoka Werugha. Tangu Bwana amchukue baba watoto, nimebaki na watatu, na wote wako chuo wakati mmoja. Hofu ilinikaa kifuani. Nilijua bila msaada mmoja atarudi nyumbani, na ni mimi nitakayemchagua. Mama anachaguaje? Wakija likizo nilishindwa kuwatazama usoni.

Nikasikia kamati ya basari, ile ya msaada wa karo, inazifikiria kwanza nyumba zenye watoto wengi chuoni. Nikateremka Voi siku ya mwisho ya kikao. Afisa, kijana mgeni kwetu, akasoma majina ya mwisho ya watoto kwenye fomu zangu: Wakesho, Mwadime, Mghoi. Akaniangalia.

"Mama, hizi ni koo tatu. Ukituletea watoto wa majirani, tunafuta wote."

Ndugu zangu Wadawida, Wataita wenzangu, nyinyi mnajua. Mtoto tunamwita kwa jina la babu au nyanya yake, jina la baba tunaliacha. Nikamweleza hivyo, akataka vyeti. Vyeti vyao vya kuzaliwa nilikuwa nimeviacha nyumbani huko juu milimani, na jioni ile mlango unafungwa. Nikaona nimekuja kumwokoa mmoja, sasa nawapoteza watatu. Nikaita kimoyomoyo, Yesu, usininyamazie.

Mama mmoja wa kamati, Mdawida mwenzetu, akasema watoto wapigiwe simu, kila mmoja aulizwe jina lake ni la nani. Mimi nikaandikishwa majibu yangu kwanza, kisha nikakatazwa kufungua mdomo. Wakesho akajibu vizuri, ni la nyanya mzaa mama. Mwadime naye, ni la babu mzaa baba. Akabaki Mghoi, kitinda mimba wangu, ambaye habari za wazee humwingia sikio hili zikatokea lile. Simu ikaita, ikakatika. Ikaita tena. 

Akashika. Akaulizwa. Nikasikia sauti yake kwenye spika, inatetemeka.

"Ni la nyanya, mamake baba. Mbona mnaniuliza majina ya marehemu? Ni mama? Mama amekufa?"

Sikuvumilia. Nikalia, "Niko hapa, mwanangu, niko hapa!"

Afisa akaweka kalamu chini. Akasema vyeti nivilete kesho yake, lakini majina yaingie leo, nyumba moja.

Wote watatu walisaidiwa. Haikutosha kila kitu, na vyuo vikifunguliwa bado naogopa, siwadanganyi. Lakini sikumchagua yeyote. Asante Yesu!

Ndugu yangu, kama umeketi hapo ukipima ni mtoto gani utamrudisha nyumbani, usipime. Mtaje kila mmoja kwa jina mbele za Mungu, kisha uende ukaombe, na vyeti ubebe. Yeye aliyewafuma tumboni anajua ni wa nyumba moja.